Shughuli Buguruni: Wageni wakiondoka, nani anabaki na glasi?

Jumamosi baada ya adhuhuri, anayeshuka daladala Buguruni Sheli na kuingia mitaa ya ndani hana haja ya kuuliza shughuli iko wapi. Turubai limefungwa kutoka ukuta wa nyumba hii hadi mwembe wa nyumba ile, njia imezibwa, bodaboda zinageuza, na spika zinajaribiwa kwa sauti inayotikisa mabati ya jirani. Inaweza kuwa harusi. Inaweza kuwa mwali anatolewa, arobaini, kipaimara, au kijana wa kwanza katika ukoo kumaliza chuo. Hapa ni kwa Wazaramo tangu zamani, lakini leo kila kabila limo, na kila kabila limekuja na sherehe yake.

Mapambo yako mbele. Habari yenyewe iko uani. Huko pilau imepaliwa makaa juu ya mfuniko, kina mama wanakata kachumbari, na kando ya ukuta vimewekwa vitu viwili ambavyo wageni wengi hawavitazami mara mbili. Kimoja ni kreti za soda za chupa, zimepangwa hadi usawa wa kifua. Kingine ni furushi la pakiti za glasi za plastiki, zile nyembamba zinazolia zikibanwa, lililoletwa asubuhi kutoka Kariakoo.

Kreti ziliingia kwa hesabu na zitatoka kwa hesabu. Mwenye duka anajua zilikuwa ngapi, chupa 24 kila moja, na kuna pesa ya dhamana imelala kwake. Pakiti haidaiwi na mtu. Ikifunguliwa, imekwisha. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua Jumapili ya mtaa itakuwaje.

Si vigumu kuelewa kwa nini pakiti imeshinda. Kariakoo iko hapo tu, unafuata Barabara ya Uhuru kupita Ilala, na soko lile, ambalo jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, linauza kwa jumla karibu kila kitu ambacho shughuli inahitaji. Glasi mia za plastiki hubebwa na mtoto kwa mkono mmoja. Glasi mia za kioo zinataka bajaji, maboksi, magazeti ya kuzungushia, na dereva anayeheshimu matuta.

Kukodi nako kuna mambo yake. Mwenye vyombo anahesabu mbele yako wakati wa kutoa, anahesabu tena wakati wa kupokea, na kila iliyovunjika au kupotea inalipwa. Mama mwenye shughuli ambaye michango imemwishia kwenye nyama na mchele haogopi mvua peke yake. Anaogopa pia asubuhi ile ya kusimama na mwenye vyombo, akiambiwa zimepungua kumi na nane, na wageni wote wameshaondoka na baraka zao.

Zamani swali hili halikuwepo kwa sababu hapakuwa na glasi ya mtu mmoja mmoja. Pilau iliwekwa kwenye sinia, watu wanne au watano wakaizunguka mkekani, birika na beseni vikapita kwa ajili ya kunawa, na maji ya kunywa yakaja na jagi moja na kikombe kimoja. Aliyekunywa alimpa wa pembeni yake. Masinia yenyewe yaliazimwa nyumba kwa nyumba, na kila mama alikuwa na alama yake chini ya chombo: nukta mbili za rangi ya kucha, herufi iliyokwaruzwa kwa msumari, msalaba wa rangi ya mlango. Mpaka leo ukigeuza sahani kwenye msiba wa uswahilini utazikuta alama hizo.

Wengine walikuwa na njia zao za kunywa pamoja. Mchaga alipokea mbege kwenye kata ya kibuyu na kuipitisha kwa mwenzake. Wateso wa Uganda na magharibi mwa Kenya mpaka leo huzunguka chungu kimoja cha ajon, kila mzee na mrija wake mrefu. Chombo kilikuwa kimoja kwa sababu wanywaji walikuwa kitu kimoja. Kujitenga na kikombe chako ilikuwa karibu na tusi.

Kisha ikaja bufee, akaja MC, zikaja meza zenye vitambaa, na kila mgeni akawa na sahani yake na glasi yake. Pamoja na hilo ikaja hoja ambayo mzazi yeyote anaielewa, nayo ni magonjwa.

Hofu ya kikombe cha pamoja ina historia ndefu kuliko Buguruni. Kikombe cha karatasi cha kutumia mara moja kilibuniwa mwaka 1907 na Lawrence Luellen wa Boston, Marekani. Enzi hizo kwenye treni na shuleni kulikuwa na kikombe kimoja cha bati kando ya pipa la maji, na kila mwenye kiu alikinywea, mwenye kifua kikuu na mtoto mdogo wakifuatana. Mwaka 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku kikombe hicho cha pamoja katika maeneo ya umma. Kikombe cha Luellen, kilichokuja kujulikana kwa jina la Dixie mwaka 1919, kiliingia duniani kikiwa kinga, wala hakuna aliyekiona kuwa uchafu.

Kwa hiyo mama wa Buguruni anayesema anataka glasi za kutupa kwa ajili ya usalama wa watoto hajatunga kisingizio. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani hakijasahaulika kwenye mitaa ambako choo, kisima na jiko vinagawana ua mmoja. Glasi ya kioo inayong'aa, lakini imesuuzwa mara ya hamsini kwenye ndoo ileile ya maji yaliyogeuka rangi, ni mbaya kuliko ya plastiki iliyotoka pakiti sasa hivi. Wanaopenda kuhubiri kuhusu mazingira wasiruke hapa.

Lakini kuna kinyume kimoja ambacho ukikiona mara ya kwanza unacheka, mara ya pili unafikiri.

Ingia sebuleni kwa mwenye shughuli. Ukutani kuna kabati la vyombo lenye milango ya kioo, na ndani yake zimepangwa glasi. Seti ya sita yenye maua ya dhahabu. Seti ya sita yenye miguu mirefu. Jagi lenye bilauri zake nne, moja ilivunjika mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Nyingine hazijawahi kutolewa kwenye boksi, stika ya duka bado imebandikwa. Mtoto wa nyumba hii anajua tangu akiwa na miaka mitatu kwamba kugusa kabati ni kutafuta kipigo. Nje, chini ya turubai, shangazi yake aliyesafiri kutoka Kisarawe na ndoo ya mihogo kichwani anakunywa maji kwenye plastiki inayobonyea mkononi.

Glasi hizo nyingi zilitoka wapi? Kwenye kicheni pati. Bibi harusi mtarajiwa anakaa kitini, marafiki wa mama yake wanapita wakicheza, na kila kikundi kinatua boksi: hotpoti, sahani, seti ya glasi, seti nyingine ya glasi. Mtaa unanunua glasi za kioo kila wikiendi kwa pesa nzuri, unazifungia kabatini, halafu unanunua za plastiki kwa ajili ya kunywea. Wageni waliochangia kioo wanahudumiwa kwa plastiki kwenye shughuli ileile.

Tabia hii ya kuweka vyombo vionekane badala ya vitumike ni ya kale sana pwani hii. Kunduchi, kaskazini mwa jiji hilihili, kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18 ambayo yalipachikwa bakuli na sahani za kaure kutoka China. Kwenye nyumba za kale za Lamu kuta zimejaa vidaka, na humo ndimo vyombo vizuri vilipangwa. Chombo cha mbali kilitangaza kwamba mwenye nyumba ana watu ng'ambo. Kabati la Buguruni linasema hivyohivyo kwa lugha ya leo: binti huyu aliozwa vizuri, mama huyu ana mashoga wanaomjali. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya unaanza pale glasi inapotoka kabatini kwa baadhi ya watu tu.

Angalia meza kuu. Maharusi, wazazi wa pande mbili, wasimamizi na mgeni rasmi wana glasi za kioo zenye utepe. Safu mbili za mbele zina chupa ya maji na glasi ya plastiki ngumu. Walio nyuma wana ile nyembamba. Watoto, ambao huketi chini karibu na jiko, hupewa iliyotumika, imesuuzwa au haikusuuzwa. Hakuna aliyetangaza madaraja haya kwenye kipaza sauti, lakini mtoto wa miaka saba anayasoma bila kufundishwa. Anajua yeye yuko safu gani na bibi yake yuko safu gani.

Linganisha na muuza kahawa anayepita barazani jioni hiyohiyo. Ana dele lake juu ya makaa, ana kashata, na ana vikombe vidogo vya kaure ambavyo anavigonganisha mkononi, na mlio ule ndio tangazo lake. Fundi seremala, mwenye nyumba za kupangisha na kijana wa bodaboda wananywea vikombe vya aina moja, na vyote vinarudi kwenye ndoo yake. Ni ada inayofanana na ya Oman, ambako mwenye nyumba huendelea kukujazia finjani ya kahawa mpaka uitikise kidogo kuonyesha umetosheka. Plastiki haiwezi kugonganishwa ikasikika mtaa wa pili. (Maji ya ndoo ya muuza kahawa, kweli, yanahitaji kubadilishwa mara nyingi zaidi.)

Saa nne usiku. Keki imekatwa, zawadi zimepokelewa, singeli imepanda. Kama vyombo vya siku hiyo vilikuwa vya kioo, kuna kundi ambalo halichezi. Wako uani, kanga zimefungwa kiunoni, taa moja, mabeseni mawili, na mlima wa vyombo. Chukua shughuli ya watu 300. Mgeni hatumii glasi moja. Anaiweka chini, anasahau, anaomba nyingine. Glasi zinakuwa 500 kirahisi. Bomba likiwa halitoi, maji yanatafutwa kwa ndoo, na kila ndoo ni pesa na ni shingo ya mtu.

Anayeosha ni nani? Ni binti. Binti wa nyumba, binamu yake, na msichana wa kazi wa jirani aliyeazimwa pamoja na masufuria. Kaka yao wa rika lilelile yuko mbele ya spika. Hili ndilo jambo ambalo mazungumzo kuhusu plastiki huliruka. Glasi ya kutupa ilimpa binti huyu nafasi ya kuona harusi ya dada yake. Mama anayenunua pakiti mara nyingi amehesabu mikono aliyonayo, akaona ni ya mabinti watatu ambao Jumatatu wana shule.

Ila kazi ile haikufutika. Imehamishwa.

Jumapili alfajiri, kabla ya fagio, glasi za plastiki zimetapakaa chini ya turubai, nyingine zina soda, nyingine zina mfupa. Mwokota makopo anapita mapema. Anachagua chupa za maji na za soda, ambazo zinanunuliwa kwa kilo, na glasi nyembamba anaziacha zilipo, uzito hazina. Zilizobaki zinakusanywa na kuchomwa pembeni ya choo, moshi mweusi wenye sumu ukiingia madirishani kwa majirani, au zinafagiliwa hadi mtaroni. Baadhi ya nyumba huziosha na kuzirundika tena jikoni, kwa hiyo "za kutupa" zinatumika miezi, zimepasuka ukingoni, mtoto ananywea uji. Zikimiminiwa uji au chai ya moto hulegea, na mtoto anayezibana ili zisianguke ndiye anayejimwagia mapajani.

Mtaro, hasa upande wa Kwa Mnyamani, unaelekea bondeni, na bonde ni la Mto Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu na kukata jiji hadi baharini karibu na daraja la Selander. Anayeishi juu hufagia tu. Anayeishi chini hupokea. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande kuanza upya. Mvua ndiyo iliyoleta maji hayo, wala hakuna harusi inayoweza kulaumiwa. Lakini mtu yeyote wa Kwa Mnyamani aliyewahi kuingiza mkono kwenye kalavati lililoziba anajua alichokitoa.

Sheria imefika nusu ya njia. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, na Kariakoo, ambako watu waliapa kwamba haiwezekani, ikazoea mifuko mbadala. Glasi na vikombe havikuwa kwenye katazo hilo. Rwanda ilienda mbele zaidi kwa sheria ya mwaka 2019 inayozuia bidhaa za plastiki za kutumia mara moja. Kenya, kuanzia Juni 5, 2020, ilizuia chupa, vikombe na vijiko vya aina hiyo katika hifadhi za taifa, misitu na fukwe zinazolindwa. Katazo peke yake, hata likija, halitamsaidia binti wa uani. Litamrudisha kwenye beseni.

Wajerumani, ambao si maskini wa maji wala wa mashine za kuoshea, wamejaribu kutumia mfuko wa mtu. Mji wa Tübingen ulianza Januari 2022 kutoza kodi ya senti 50 za euro kwa kila kikombe cha kutupa. Na kwenye masoko yao ya Krismasi mvinyo wa moto unauzwa ndani ya kikombe cha kaure ambacho mnunuzi amekiwekea dhamana. Akikirudisha anarudishiwa pesa. Watalii husimulia jambo hilo kama maajabu ya Ulaya.

Maajabu gani? Mtoto wa Buguruni wa miaka sita akitumwa dukani kununua soda bila chupa anarudishwa nyumbani. Neno "chupa irudi" amelisikia kabla ya kujua kusoma. Kreti zile zilizopangwa uani ni mfumo huohuo wa masoko ya Krismasi, umekaa mtaani kwa miongo mingi bila semina. Chupa inanywewa, inarudi, inaoshwa kiwandani kwa mashine, inajazwa tena. Hakuna binti anayeiosha usiku. Wageni wakipewa soda kwa chupa na mrija au wakainywea hapohapo, glasi za soda hazihitajiki kabisa, na nusu ya pakiti imebaki Kariakoo. Inasikitisha kuona chupa ya plastiki inavyozidi kuisukuma ile ya kioo pembeni, eti ni nyepesi kubeba.

Yanabaki maji ya kunywa, juisi na chai. Hapo vikundi vya kina mama vimeanza kuonyesha njia. Kikundi cha kufa na kuzikana, jumuiya ya kanisa, wanawake wa msikiti au wenzi wa kikoba wananunua vyombo vya pamoja: sahani, masufuria, mabeseni, na vikombe 200 au 300 vya plastiki ngumu au vya stili visivyovunjika. Mwanachama anatumia bure au kwa ada ndogo, asiye mwanachama anakodi. Havina maua ya dhahabu. Lakini mgeni rasmi na shangazi wa Kisarawe wanaweza kunywea kikombe cha aina moja, na mtoto akikiangusha hakuna damu wala faini.

Vikundi vilivyofaulu vina masharti makali, na wazazi wanaofikiria kuanzisha chao wayazingatie. Mtunza vyombo ni mmoja, mwenye daftari. Vikombe vinatoka kwa makumi ndani ya ndoo zenye mfuniko ili kuhesabu kuwe rahisi. Kuosha ni kwa mabeseni matatu: la kwanza maji ya uvuguvugu na sabuni, la pili kusuuza, la tatu maji safi ya mwisho, na maji ya kusuuzia yanamwagwa kabla hayajageuka rangi. Vinakaushwa kwa kupinduliwa juani juu ya wavu au meza safi. Kanga iliyofuta jasho la siku nzima isitumike. Na zamu ya kuosha inaandikwa kabla ya shughuli, ikiwa na majina ya wavulana. Hilo la mwisho ndilo linaloleta ubishi kwenye vikao kuliko pesa.

Wavulana wenyewe wakipewa zamu hulalamika robo saa, kisha huomba spika moja igeuzwe ielekee uani.

Jumatatu asubuhi kijana wa duka anakuja na mkokoteni kuchukua kreti zake. Anainama, anahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Zimepungua chupa mbili. Mama mwenye shughuli, sauti imemkauka kwa vigelegele, anawaita watoto wa ua mzima, naye hana haja ya kueleza anatafuta nini. Wanatawanyika chini ya vitanda, nyuma ya choo, kwa jirani. Ya kwanza inapatikana dirishani ikiwa na ua la plastiki ndani yake. Ya pili bado inatafutwa, na kijana ameketi juu ya kreti anasubiri.